Mwenzako wa gemu akikuambia anataka kujiua: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wengi wanaopokea ujumbe wa namna hii hukwama palepale. Mmoja anacheka akidhani ni utani wa lobi, pale wachezaji wanaposubiri mechi. Mwingine anaanza mahubiri. Mwingine anaapa kutunza siri, anakesha na simu peke yake siku kadhaa, kisha bando linaisha na hajui hata mwenzake anaishi mkoa gani. Wote wana nia njema, ila hakuna aliyewahi kuwaelekeza waanzie wapi.

Kabla ya yote, elewa mipaka ya kazi yako. Hujaitwa kumponya. Uko Ujiji, Kigoma, au Isevya, Tabora, na simu mkononi, yeye yuko kusikojulikana. Kazi yako ni kumuuliza wazi, kukaa naye hewani, na kuhakikisha kuna mtu anayeweza kwenda kugonga mlango wake. Hilo la tatu ndilo linaloshindikana mara nyingi, kwa hiyo ndilo tutakalolieleza kwa urefu.

## Vitu vya kuwa navyo

Simu yenye chaji, na chaja au pawabenki karibu. Ikiwa umeme umekatika na una asilimia 15, mwambie mapema: "Simu yangu ina chaji kidogo, ikizima sijakukimbia, natafuta pa kuchajia." Mtu aliye katika hali hii akiona umenyamaza ghafla, huona nawe umemchoka.

Bando na salio la kawaida la kupiga. Hili la salio husahaulika. Shangazi yake aliyeko Urambo anaweza kuwa na kitochi tu. Hana WhatsApp, na utahitaji kumpigia usiku wa manane.

Daftari na kalamu. Ujumbe unaweza kufutwa na mwandishi wake, na huwezi kusoma chati vizuri huku unaongea na polisi kwa simu hiyohiyo. Andika saa, maneno yake kama alivyoyasema, jina la mahali, jina la ndugu.

Mtu wa pili upande wako. Kaka, dada, mwenye nyumba, mchezaji mwenzako mtu mzima. Wewe unachati, yeye anapiga simu. Kama hujafikisha miaka 18, mtu huyu ni wa lazima: mwamshe mzazi au mlezi sasa hivi, hata kama utaulizwa kwa nini ulikuwa unacheza usiku.

Namba. Zihifadhi leo, usisubiri siku ya tukio:

- 112: polisi na dharura, Tanzania, bure.
- 116: Huduma ya Simu kwa Mtoto, Tanzania, bure. Ni kwa walio chini ya miaka 18, na mtu mwingine anaweza kupiga kwa niaba ya mtoto.
- 199: kituo cha simu cha Wizara ya Afya, Tanzania, bure.
- Kenya: 1199 (Msalaba Mwekundu) au Befrienders Kenya, 0722 178 177.
- Marekani na Kanada: 988. Uingereza: 116 123. Afrika Kusini: 0800 567 567.

Kwa hospitali, kumbuka Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora, zote za rufaa za mkoa. Aliye wilayani aanze na hospitali ya wilaya au kituo cha afya kilicho karibu. Wao wataandika rufaa.

Tenga saa moja hadi mbili. Kama huna kabisa muda huo, ruka uende hatua ya 6 mara moja.

## Hatua ya 1: Mtoe kwenye kelele

Akisema kwenye maiki ya skwadi (timu yenu ya gemu) au kwenye grupu, usimjibu palepale mbele ya wote. Kuna atakayecheka, kuna atakayesema "anatafuta kiki", na maneno hayo hayarudishwi. Mwandikie pembeni:

"Kaka, nimesikia ulichosema. Natoka kwenye mechi, nakuandikia huku sasa hivi."

Kisha toka kweli. Pointi za ranki zitarudi.

Omba namba ya simu au WhatsApp mapema, wakati bado anaongea. Chati za ndani ya gemu nyingi hupotea mtu akifunga programu, na mkipotezana humo huna pa kumtafutia. Akikataa kutoa namba, usimlazimishe. Baki naye hukohuko kwenye lobi.

Kama uko kwenye kibanda cha gemu, toka nje. Huwezi kuongea jambo hili huku wenzako wanashangilia goli nyuma yako.

Onyo: usimtoe kwenye skwadi ili kutuliza hali. Yeye atasoma kwamba amefukuzwa. Na picha ya skrini ya maneno yake haiendi kwenye grupu lolote. Inakwenda kwa mtu anayeweza kumsaidia tu.

Imefanikiwa ikiwa: anakujibu pembeni, hata kwa neno moja.

## Hatua ya 2: Jibu la kwanza liwe fupi

Dakika tano za mwanzo anapima kama unaweza kubeba maneno yake. Hahitaji hotuba. Yanayofaa:

"Asante kwa kuniambia. Pole sana. Niko hapa, siendi popote."

"Inaonekana umebeba hili muda mrefu. Nini kimetokea leo?"

Swali la "nini kimetokea leo" hufungua mazungumzo kuliko "kwa nini unataka kufanya hivyo". "Kwa nini" humfanya ajitetee kama yuko mbele ya baba mwenye fimbo.

Sasa yale yanayoharibu, na sababu zake. "Jikaze, mwanaume hulii" humwambia kwamba amekosea kusema, na hatasema tena. "Wenzako wana shida kubwa kuliko wewe" humuongezea aibu juu ya maumivu. "Hiyo ni dhambi, utachomwa" huenda anaijua tangu madrasa au kipaimara, na ndiyo sehemu ya mzigo wake. Kama ni mtu wa dini na yeye mwenyewe anaomba dua au sala, salini naye. Ila isiwe silaha. "Fikiria mama yako atakavyolia" huwafaa wachache, na wengi huwakuta tayari wanaamini kwamba mama angepumzika wao wasipokuwepo.

Andika sentensi fupi, moja moja, na umpe nafasi. Akiandika kwa kusitasita, subiri. Alama ya kwamba anaandika, kisha inapotea, kisha inarudi, ni mtu anayepigana na maneno yake. Usimrukie na ujumbe saba.

## Hatua ya 3: Uliza wazi, kwa neno lenyewe

Hapa ndipo watu wengi huogopa. Wanaamini kwamba wakitaja kujiua watampandikizia wazo. Si kweli, na Shirika la Afya Duniani linasema hivyo kwa uwazi: kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumsukumi kufanya hivyo. Mara nyingi humpunguzia hofu, kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyelisema badala yake.

Uliza hivi: "Unaposema umechoka na maisha, unamaanisha unafikiria kujiua?"

Usiulize "unataka kujidhuru?" Kuna wanaojikata bila nia ya kufa, na kuna wanaotaka kufa ambao hawajawahi kujikata, anaweza kukujibu "hapana" kwa ukweli kabisa nawe ukatulia bure. Usiulize pia "huwazi mambo ya kijinga, eti?" Swali hilo limeshabeba jibu ndani yake.

Akijibu ndiyo, usishtuke kwa maandishi. Usitume emoji za kulia kumi. Mwambie: "Asante kwa kunijibu kwa ukweli. Naomba nikuulize mambo machache zaidi ili nijue tufanye nini sasa."

## Hatua ya 4: Pima hatari iko karibu kiasi gani

Maswali ni haya, kwa utaratibu huu:

1. Ni mawazo tu yanayokuja, au umeshapanga kufanya?
2. Ulichopanga kutumia kiko karibu nawe sasa?
3. Umepanga lini?
4. Umewahi kujaribu huko nyuma?
5. Umekunywa pombe au umetumia kitu chochote leo?
6. Uko na nani hapo ulipo?

Usichimbe njia yenyewe. Huhitaji kujua ni nini wala kinafanyaje kazi. Unahitaji kujua kama anakifikia kwa mkono, basi.

Kama ana mpango, ana kitu karibu, na amesema leo au usiku huu, hiyo ni dharura: mtu wa pili aanze kupiga simu wakati wewe unaendelea kuchati. Pombe na jaribio la zamani huongeza hatari hata kama majibu mengine yanaonekana mepesi. Akiwa na mawazo bila mpango, una muda wa kwenda taratibu, lakini hatua ya 6 haiondoki. Inasogea tu hadi kesho mchana.

Zipo pia dalili za upande wa gemu, na mzazi wake hawezi kuziona. Anagawa akaunti yake: "Chukua, nywila ni hii, skini zote ni zako" (skini ni mavazi na mapambo ya mchezaji). Anabadilisha jina la mchezaji kuwa maneno ya kuaga. Anajitoa kwenye ukoo wa gemu, yaani kundi la wachezaji, aliouanzisha mwenyewe. Au alikuwa na huzuni wiki nzima, kisha leo ametulia ghafla na anawashukuru wote mmoja mmoja. Utulivu huo usikudanganye, kwa wengine unakuja baada ya kuamua. Akikupa akaunti, mwambie unamtunzia, na rudi kwenye swali la hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Aache umbali kati yake na hicho kitu

Hamu ya kujiua hupanda na kushuka. Kilele chake mara nyingi ni kifupi, dakika au saa chache, na mtu akivushwa hapo salama, wengi hawarudi kujaribu. Kwa hiyo kila hatua ya miguu anayokwenda mbali na hicho kitu inanunua muda.

Mwombe kitu kidogo chenye mwisho: "Naomba utoke hicho chumba kwa nusu saa, ukae sebuleni au nje kwa jirani. Tunaendelea kuongea." Ni rahisi kukubali nusu saa kuliko kuahidi maisha yote.

Kama ni dawa, za hospitali au za shamba, zikabidhiwe kwa mtu mwingine aziweke chini ya kufuli, ikiwezekana nyumba ya pili. Vijijini Kaliua, Urambo au Kasulu dawa za shamba hukaa ndani, wakati mwingine chini ya kitanda chenyewe. Kuziondoa kunahitaji mtu mzima aliyeko pale, kwa hiyo jambo hili linakupeleka moja kwa moja kwenye hatua inayofuata.

Onyo: usimtume yeye mwenyewe akavitupe hivyo vitu, kwani utakuwa umempeleka navyo mkononi. Na usimwombe akupigie picha.

## Hatua ya 6: Mpate mtu wa kugonga mlango

Anza kwa kumuuliza yeye: "Ni nani ambaye ukimwona mlangoni sasa hivi hutakasirika?"

Swali hili ni bora kuliko "nipe namba ya wazazi wako". Kwa baadhi ya watu, nyumbani ndiko maumivu yalikotoka. Jibu linaweza kuwa bibi, mjomba, mpangaji wa chumba cha pili, matroni wa hosteli, mwalimu wa malezi, fundi anayefanya naye kazi. Yeyote mtu mzima anayeaminika na aliye karibu anafaa kuliko baba aliye mbali.

### Kuhusu siri

Atakwambia: "Usimwambie mtu." Usiahidi. Ukiahidi kisha ukavunja, umepoteza imani yake. Ukiahidi na ukatunza, unaweza kumpoteza yeye. Mjibu hivi: "Sitamwambia mtu yeyote wa kukucheka. Ila siwezi kukaa na hili peke yangu wakati maisha yako yako hatarini. Tuchague pamoja wa kumwambia." Mpe uchaguzi wa nani, na wa nani apige, wewe au yeye. Usimpe uchaguzi wa kutomwambia yeyote. Kama unaona akijua utapiga atakimbia au atafanya haraka, piga kwanza, mweleze baadaye.

### Ukimpigia ndugu yake

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni kudhaniwa tapeli. Watu wamechoshwa na namba ngeni na "ile pesa tuma kwenye namba hii". Usiku wa manane, kijana asiyejulikana, anataja jina la mtoto wao: watakata. Kwa hiyo ondoa shaka kwenye sentensi ya pili:

"Shikamoo mama, samahani kukuamsha. Siombi pesa. Naitwa fulani, napiga kutoka Kigoma, huwa nacheza gemu na mwanao kwenye simu. Ameniambia anafikiria kujiua na nina hofu naye usiku huu. Naomba uende alipo sasa hivi, ukae naye, usimfokee wala usimwache peke yake. Mimi nakaa kwenye simu."

Wakikata, piga tena mara moja, kisha tuma ujumbe mfupi wenye maneno hayohayo. Ujumbe husomwa hata na aliyekata kwa hasira.

Waeleze mambo matatu tu ya kufanya: wakae naye, waondoe vitu vya hatari, wampeleke hospitali kukicha au usiku huohuo kama ana mpango. Waonye wasimpige na wasiite ukoo mzima kuja kumhoji.

### Kama hakuna ndugu, na yuko Tanzania

Tafuta mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, au mtendaji. Hawa wanajua nyumba kwa majina. Mchezaji yeyote wa eneo lake anaweza kukupatia namba. Mchana, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ni mahali sahihi. Akiwa mwanafunzi chini ya miaka 18, piga 116.

Hatari ikiwa ya sasa hivi, piga 112. Toa taarifa kwa mpangilio huu: mahali, jina, namba ya simu yake, alichosema na saa ngapi, kama ana kitu karibu, kama yuko peke yake. Uliza jina la aliyepokea, liandike na saa.

Wengi huogopa 112 kwa sababu ya sheria, na hofu hiyo ina msingi: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kifungu kinazungumzia kujaribu, siyo kuwaza wala kumwambia rafiki. Tunaona sheria hiyo inawafanya watu wafiche wakati wangepaswa kusema. Ushauri wetu: palipo na ndugu au mwenyekiti anayeweza kufika upesi, anza nao na hospitali. Pasipo na mtu, na hatari ni ya usiku huu, piga 112 bila kusita. Jambo la kisheria linaweza kushughulikiwa kesho akiwa hai.

### Kama yuko nje ya nchi

Angalia mwanzo wa namba yake: +255 ni Tanzania, +257 Burundi, +243 Kongo, +250 Rwanda, +254 Kenya, +256 Uganda. Anayecheza kutoka Kigoma anaweza kukuta mwenzake yuko Bujumbura, Uvira au Kalemie, ng'ambo ya ziwa tu, na wakaelewana kwa Kiswahili bila kujua kwamba ni nchi mbili.

Namba fupi hazivuki mpaka. Ukipiga 112 ukiwa Gungu, Kigoma, utapokelewa Tanzania, na 988 haitakufikisha Marekani. Njia zinazofanya kazi ni tatu: umwombe apige mwenyewe huku mkiendelea kuchati, umpate mchezaji mwingine aliye nchi hiyo apige kutoka huko, au utumie namba ndefu ya kawaida yenye msimbo wa nchi, kama ile ya Befrienders Kenya, ambayo ukiwa nje unaipiga +254 722 178 177. Tovuti ya findahelpline.com ina orodha ya huduma kwa nchi nyingi. Ndugu aliye Kongo mashariki unaweza kumpigia kwa Kiswahili kama kawaida.

### Kama hujui kabisa yuko wapi

Ripoti kwenye jukwaa lenyewe. Kwenye Discord unabonyeza ujumbe wake kwa muda, unachagua kuripoti, unafuata maelekezo. Kwenye gemu, fungua wasifu wake. Nakili namba ya utambulisho, zile tarakimu, si jina. Jina hubadilishwa wakati wowote, tarakimu hubaki. Kampuni huona barua pepe au namba iliyofungulia akaunti na anwani ya intaneti, vitu ambavyo wewe huwezi kuviona.

Ripoti huchukua muda. Ukishaituma, usikae ukisubiri. Rudi kwenye chati na umuulize wazi: "Uko mji gani, mtaa gani? Nauliza kwa sababu nataka mtu afike ulipo." Wengi hujibu swali hili, hata waliokataa kutoa namba. Wakati huohuo mtu wa pili awaulize marafiki zake kwenye orodha, faraghani: "Kuna anayemjua huyu ana kwa ana?" Bila kueleza zaidi.

Imefanikiwa ikiwa: umepata jina la mtu aliye naye ndani ya nyumba, na umesikia sauti ya mtu huyo, au amekuandikia yeye mwenyewe.

## Hatua ya 7: Akisema ameshafanya

Usiendelee na ushauri. Muulize mahali, na nani yuko karibu. Mwambie atoke nje apige kelele au afungue mlango. Piga 112 na ndugu kwa pamoja, wewe na mtu wa pili.

Kama amemeza kitu, mwambie aliye naye: asitapishwe, asipewe maziwa, asipewe dawa ya kienyeji ya kukata sumu. Kutapisha kunaweza kupeleka kitu hicho kwenye mapafu au kuchoma koo mara ya pili. Akiwa anasinzia, alazwe ubavu. Waende hospitali na chombo au pakiti ya kile alichomeza, kwa kuwa daktari huamua matibabu kwa kusoma lebo. Bodaboda ya kubeba watu watatu ni hatari kwa mtu anayesinzia. Tafuteni gari, bajaji, chochote chenye pa kumlaza.

Aliyemeza kisha akasema "najisikia sawa tu" aende vilevile. Baadhi ya vitu huonekana havijafanya kitu kwa saa nyingi.

## Hatua ya 8: Akinyamaza ghafla

Tiki moja, simu haipatikani. Usihitimishe. Bando huisha, simu huzima, watu hulala wakiwa wamechoka kulia.

Piga simu ya kawaida, si ya WhatsApp. Kama una namba yake, mnunulie bando dogo kupitia huduma yako ya pesa kwa simu, kisha tuma ujumbe wa kawaida: "Nimekuwekea bando. Huna haja ya kueleza kitu, niandikie tu 'nipo'." Dakika 15 zikipita na alikuwa na mpango wa usiku huu, piga 112 au ndugu, hata kama huna uhakika. Kugonga mlango wa mtu aliyelala salama hakuna hasara yoyote.

Usiweke tangazo la kumtafuta kwenye kurasa za wazi. Akiliona, aibu itamsukuma palepale ulipokuwa unamtoa.

## Hatua ya 9: Andikeni mpango mfupi

Hii ni baada ya hali kushuka, si wakati wa dharura. Dakika 20 zinatosha. Aandike yeye, kwa maneno yake, nawe uulize tu:

- Najuaje kwamba inaanza tena? (Kwa mfano: silali, nafunga simu, nagombana.)
- Nikiwa peke yangu naweza kufanya nini kinachonituliza?
- Naweza kwenda wapi penye watu?
- Watu watatu wa kuwapigia, kwa majina na namba.
- Hospitali au kituo cha afya nitakachokwenda.
- Nini kimeondolewa nyumbani, na kiko kwa nani?

Aubandike juu ya chati ili asiutafute. Jina lako lisiwe la kwanza kwenye watu watatu. Wewe uko mbali na unaweza kuwa darasani au usingizini.

## Hatua ya 10: Siku zinazofuata

Panga saa kabla hamjaagana: "Kesho saa 2 asubuhi nitakuandikia." Kisha andika saa 2 kweli. Baada ya hapo, siku ya tatu, wiki ya kwanza, wiki mbili, mwezi. Uliza moja kwa moja: "Yale mawazo yamekuja tena?" Usizunguke.

Chezeni gemu. Akitaka mechi moja bila kuongelea jambo hili, ni sawa kabisa. Hataki kuwa mgonjwa wa skwadi.

## Pesa, picha na madeni

Akisema atajiua usipomtumia pesa, chukua hatari kwa uzito uleule, lakini usitume pesa. Mpelekee msaada: ndugu, 112, hospitali. Aliye hatarini kweli atapata mtu. Tapeli atakasirika na kuondoka.

Kuna wanaofika hapa kwa sababu mtu anawatisha kusambaza picha zao za utupu. Mwambie asilipe, kwani anayelipa hudaiwa tena. Asifute chati, kwa kuwa ni ushahidi. Amzuie mtishaji baada ya kuhifadhi picha za skrini, na aripoti polisi. Picha za aliye chini ya miaka 18 usizipokee wala kuzihifadhi wewe, hata kwa nia ya kumsaidia. Piga 116.

Madeni ya kamari na mikopo ya kausha damu nayo yamo. Huhitaji kumtatulia. Mwambie kwamba kuhusu deni kuna watu wa kuzungumza nao, na mpeleke kwa ndugu mmoja mtu mzima wa kukaa naye chini na hesabu.

## Wewe mwenyewe

Ukimaliza, kula, kunywa maji, mweleze mtu mmoja unayemwamini bila kutaja jina la mwenzako. Kutetemeka au kukosa usingizi usiku huo ni kawaida. Ukiendelea hivyo wiki mbili, nenda hospitali wewe pia.

Usikubali kuwa mtu wake pekee. Akikuamsha kila usiku na hataki kuonana na yeyote mwingine, mwambie: "Nitaendelea kuwa rafiki yako. Ila naongea nawe mchana, na usiku utampigia fulani tuliyemwandika." Hujamtupa kwa kusema hivyo. Na akifanya bado, baada ya wewe kuyafanya haya yote, uamuzi haukuwa mikononi mwako.

Kama katika kusoma umeona kwamba mwenye mawazo haya ni wewe, anza na hatua ya 6: mwite mtu mmoja aje akae nawe, na uache umbali na kile ulichokuwa unakifikiria. Kisha nenda Maweni, Kitete au hospitali ya wilaya yako. Dirishani sema: "Nina mawazo ya kujiua, naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Huna haja ya kueleza sababu pale mbele ya foleni. Ukiona aibu kulisema, liandike kwenye karatasi na uipitishe dirishani.